Tunafunga maisha Dubai ndani ya siku 45, tunarudi Tanga: kipi kianze, visa, benki au kontena?

#1 BintiChumbageni
Wakuu, salaam. Mkataba wa mume wangu unaisha na tumeshaamua hatuuendelezi. Tumebakiwa na siku 45. Tupo Hor Al Anz, nyumba ya vyumba viwili, kodi tunalipa kwa hundi nne na ya mwisho haijaingizwa benki. Kazi ni hiyo hiyo moja kwa miaka 7, mshahara dirhamu 7,000, wa msingi ni 4,000. Mimi na mtoto tuko kwenye visa yake, mtoto amezaliwa hapa na yuko shule. Kuna kadi moja ya mkopo, gari dogo, friji ya milango miwili, mashine ya kufulia, AC mbili za ukutani tulizoweka wenyewe, kitanda, sofa, vyombo na maboksi ya nguo.

Dai langu: wengi huanza kufunga vitu na visa huachwa mwishoni, ndipo wanakwama. Mimi nasema visa ianze. Nani ananipinga, na kwa sababu gani?

#2 MzeeWaKarama
Nakupinga dada, benki ndiyo inaanza, tena leo. Ukiomba kadi ya mkopo ifungwe, benki nyingi huchukua takriban siku 45 ili miamala iliyochelewa ipate kuingia kabla ya kukupa barua ya kutodaiwa. Yaani siku zenu zote zimeshaliwa na kadi peke yake. Lipeni deni lote, ombeni ifungwe kwa maandishi, mchukue namba ya ombi. Halafu angalieni malipo yanayojikata yenyewe kila mwezi kupitia kadi hiyo: intaneti, michezo ya mtoto, chochote. Muamala mmoja wa dirhamu 30 ukiingia baada ya ombi, hesabu inaweza kuanza upya.

#3 Kagomani
Visa na benki ni karatasi, zinakwenda sambamba. Kinachochelewesha watu ni kutojua wana mzigo kiasi gani. Shika futi, pima. Meli inahesabu CBM, yaani urefu mara upana mara kimo kwa mita:

Friji 0.70 x 0.75 x 1.80 = 0.95
Mashine ya kufulia 0.60 x 0.60 x 0.85 = 0.31
Godoro 1.80 x 2.00 x 0.25 = 0.90
Sofa ya watu watatu 2.10 x 0.90 x 0.85 = 1.6
AC mbili, ndani na nje = kama 0.5
Kitanda kikishafunguliwa = kama 0.4
Boksi la 60 x 45 x 45 ni 0.12, kwa hiyo maboksi 24 ni 2.9

Jumla inakaribia 7.6. Ongeza mbao na mapovu ya kufungia, sema 8.5. Kontena la futi 20 lina ujazo wa kama 33, lakini kwa vitu vya nyumbani unaweza kupakia 25 hadi 28 tu kwa sababu ya mapengo. Kwa mzigo wenu, changieni kontena na wengine. Ukikaribia 14 au 15 ndipo uombe bei mbili, ya kuchangia na ya kontena zima, uzilinganishe.

Na ulizeni bei inaishia wapi. "Mpaka Dar" inaweza kuwa mpaka bandarini, mpaka ghala la wakala, au mpaka mlangoni. Hapo ndipo watu wanapogombana. Dar hadi Tanga ni kama kilomita 350 za lori, nazo zina mwenyewe wa kuzilipia.

#4 BintiChumbageni
Kagomani ahsante. Sofa linabaki, nimeshaona linakula CBM kuliko friji.

#5 Yakhe_wa_Kibokoni
Watu wa Tanga mwarudi na vitanda, sisi Mombasa twarudi na marashi tu, mzigo mwepesi, nyumba nzima yanukia.

Sasa nisaidie kwa hesabu ya kiinua mgongo. Siku 21 kwa mwaka kwa miaka mitano ya mwanzo, kisha siku 30. Kwa mshahara wa 7,000, siku moja ni 233. Kwa hiyo 24,500 ya miaka mitano, na 14,000 ya miwili. Jumla 38,500. Lakini kama ni yeye aliyejiuzulu hukatwa theluthi, hilo mlijue.

#6 MhasibuWaNahda
#5, shekhe, umekosea mara mbili.

Kwanza, kiinua mgongo huhesabiwa kwa mshahara wa msingi peke yake. Posho ya nyumba na ya usafiri hazimo. 4,000 gawa kwa 30 ni 133.33 kwa siku. Siku 21 ni 2,800, mara miaka 5 ni 14,000. Miaka 2 iliyobaki ni 4,000 kila mmoja, yaani 8,000. Jumla 22,000. Siku za likizo isiyo na malipo hazihesabiwi kwenye miaka ya kazi, na kiinua mgongo chote hakivuki mshahara wa miaka miwili.

Pili, makato ya kujiuzulu yalikuwa kwenye sheria ya 1980. Aliyeacha kazi kabla ya miaka mitatu alipata theluthi, kabla ya mitano theluthi mbili. Sheria mpya ni namba 33 ya 2021, imeanza kazi tarehe 2 Februari 2022, na ukishatimiza mwaka mmoja makato hayo hayapo tena. Hata kwa sheria ya zamani, mwenye miaka 7 asingekatwa.

Mwajiri ana siku 14 tangu mkataba uishe kulipa kila kitu: mshahara wa mwisho, likizo ambazo hazikuchukuliwa (nazo kwa mshahara wa msingi) na kiinua mgongo. Shemeji asitie saini karatasi ya kufuta kibali cha kazi kabla ya kuisoma, maana ndani yake kuna maneno kwamba ameshapokea haki zake zote. Saini hiyo ikishawekwa, kudai ni kupanda mlima.

#7 Yakhe_wa_Kibokoni
Naam, nimesahihishwa. Shukran.

#8 SatwaMkabala
Kuongezea #6: hesabu hiyo ni kwa kampuni zilizo chini ya sheria ya kazi ya nchi nzima. Aliyeajiriwa ndani ya DIFC, lile eneo huru la kifedha la Dubai, ana utaratibu mwingine. Tangu Februari 2020 mwajiri huweka mchango kila mwezi kwenye mfuko, na unachopata hutegemea mfuko umekua vipi. Angalieni juu ya mkataba kwanza.

#9 Mlandizi_DXB
Mnaongea kiinua mgongo bila kusema akaunti itafungwa. Pesa ya mwisho ikiingia tu benki huishika. Mwajiri anapofuta visa hupeleka taarifa benki. Kwa hiyo hamisheni kila kitu mapema, hiyo 22,000 iingie kwenye akaunti tupu au mlipwe kwa hundi.

#10 MzeeWaKarama
Si mwajiri. Benki inaona yenyewe. Mtu aliyekuwa anapokea 7,000 kila mwezi, ghafla inaingia 22,000 na zaidi yenye maelezo ya mwisho wa kazi, mfumo unaishika. Hata mwajiri asiyesema neno, akaunti hushikwa.

#11 SatwaMkabala
Mimi naona ni kitambulisho. Emirates ID ikifutwa, taarifa za mteja zinakuwa zimekwisha muda na benki huzuia miamala mpaka uzihuishe. Ndiyo maana hata wasio na deni lolote hushikwa.

#12 MhasibuWaNahda
Na wapo ambao hawakushikwa kabisa, wote visa zao zilifutwa. Nionavyo, tofauti ni ile barua ya kuhamisha mshahara aliyoitia saini mtu alipochukua mkopo. Ndani yake mwajiri aliahidi kuiarifu benki mtu akiacha kazi na kupeleka haki zake zote pale. Bila mkopo, barua hiyo haina kazi.

#13 Mlandizi_DXB
Sasa kama ni barua, mbona mwenye kadi ya mkopo tu naye hushikwa?

#14 MzeeWaKarama
Kwa sababu kadi ni deni. Tumerudi pale pale, #2.

#15 Bi_Mahonda
Naomba niseme jambo kuhusu #9, maana ushauri huo unaumiza watu. Kuhamisha pesa huku deni limeachwa si ujanja. Hundi isiyo na fedha kwa sehemu kubwa imetolewa kwenye jinai tangu Januari 2022, ila mwenye hundi anakwenda moja kwa moja kwenye utekelezaji wa mahakama, na mahakama inaweza kumwekea mtu zuio la kusafiri. Fikiria ndege ngapi za kwetu zinapitia Dubai. Mtu anakwenda zake Guangzhou, anashuka kubadilisha ndege, akipita uhamiaji anazuiwa yeye na mtoto mkononi.

Kwenye programu ya Dubai Police kuna sehemu ya kuangalia kesi za kifedha kwa namba ya kitambulisho. Angalieni kabla ya kununua tiketi, wote wawili.

Na ile hundi ya nne ya kodi: dada, mkiondoka kabla ya tarehe yake, ichukueni mkononi. Ahadi ya mwenye nyumba kwamba ataichana haitoshi.

#16 Mlandizi_DXB
Sikusema wasilipe deni, Bi. Nimesema walipe kwanza, kisha wahamishe. Nilikosea kuandika.

#17 BintiChumbageni
Hundi nimeiandika kwenye daftari. Kadi tunalipa kesho. Turudi kwenye visa: inaanza ya nani?

#18 SatwaMkabala
Yako na ya mtoto. Mdhamini hafutiwi visa wakati bado ana watu chini yake, mfumo unakataa. Mume anakwenda kituo cha Amer, yaani cha huduma za visa, na pasipoti zenu na vitambulisho, anafuta zenu, kisha kampuni inafuta yake.

Mkishafutiwa mnapewa karatasi yenye tarehe ya mwisho ya kukaa nchini. Isomeni ninyi wenyewe. Zamani kila mtu alijua siku 30, sasa muda hutofautiana kwa aina ya visa, wengine hupata 60 na zaidi. Ukipitisha, ni dirhamu 50 kila siku kwa kila mtu, na mtoto ni mtu.

Kabla hamjafuta chochote, malizeni mambo yanayohitaji kitambulisho kilicho hai:
hati ya polisi ya tabia njema, hasa kama mna ndoto ya kwenda nchi nyingine baadaye, maana kuiomba ukiwa nje kunadai alama za vidole kutoka huko;
barua ya RTA (mamlaka ya barabara na usafiri) ya historia ya leseni;
cheti cha mtoto cha kuhama shule, kipitishwe na KHDA (mamlaka ya elimu ya Dubai);
cheti cha kuzaliwa kigongwe muhuri Wizara ya Mambo ya Nje ya hapa, kisha ubalozini kwetu. Muhuri mmoja bila mwingine hausaidii kitu;
gari. Faini na Salik (ada ya kupita mageti ya barabara) zilipwe, likaguliwe, lihamishwe jina. Toeni tagi ya Salik kwenye kioo na mlitoe gari hilo kwenye akaunti, la sivyo mnunuzi atapita getini kwa pesa yenu.

#19 Pwani_Kimya
Kwa nini wasilipeleke gari? Msamaha wa ushuru wa anayehama makazi si unaruhusu gari moja?

#20 Kagomani
Unaruhusu. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, Jedwali la Tano: gari moja ambalo umelimiliki na kulitumia wewe mwenyewe nje ya jumuiya kwa angalau miezi 12. Shida ni usukani. Gari la Dubai usukani uko kushoto, kwetu tunaendesha kushoto mwa barabara. Kulipita lori pale Segera, ni abiria ndiye anayeona mbele. Na siku ya kuliuza utazunguka nalo.

#21 Yakhe_wa_Kibokoni
Kenya ndiyo kabisa, usukani wa kushoto hauingii, na gari lisizidi miaka 8. Ila kuna mlango ambao wengi hawaujui: mkaazi anayerudi kutoka nchi ya usukani wa kushoto aweza kuliuza gari lake huko, akaagiza la usukani wa kulia kutoka nchi nyingine kwa msamaha ule ule, mradi thamani isizidi ya lile la kwanza. KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, wataka uwe umekaa nje miaka miwili na katika miaka hiyo siku zako za nyumbani zisifike 90. Weka kadi ya gari la zamani na karatasi ya mauzo, bila hizo hupati kitu.

#22 Pwani_Kimya
Na Tanzania mlango huo upo?

#23 Kagomani
Muulizeni wakala wa forodha kabla ya kuuza gari. Mimi nazungumzia vyombo.

Vyombo vya nyumbani vilivyotumika vinaingia bila ushuru kwa anayehamisha makazi. Maneno yenye uzito ni "vilivyotumika". TV ikiwa kwenye boksi lake na nailoni haijatolewa, inasomeka ni biashara. Vitu visivyo na msamaha hata uvibembeleze vipi: vitambaa vya jora, na chochote cha kuuza. Dada zetu hupitia masoko ya Deira siku ya mwisho, wanabeba majora matano ya madira, kisha mzigo mzima unafunguliwa kwa sababu ya majora hayo.

Marashi msafiri anaruhusiwa nusu lita jumla, na ndani yake marashi yenyewe yasizidi robo. #5 asome hapo.

#24 Yakhe_wa_Kibokoni
Nimesoma, nimenyamaza.

#25 Bi_Mahonda
Muda nao ni muhimu. Mzigo uwe umeingia ndani ya siku 90 tangu msafiri afike. Kamishna anaweza kuongeza, lakini isipite siku 360. Jina kwenye hati ya shehena liwe la huyo msafiri, herufi kwa herufi kama pasipoti. Nashauri dada atangulie na mtoto, mzigo uende kwa jina lake, awepo kuupokea.

#26 MhasibuWaNahda
Hapo nina shaka. Karatasi zenye nguvu za kuonyesha mmehama ni za mume: kibali cha kazi kilichofutwa, barua ya mwajiri, miaka 7. Jina liwe lake.

#27 Bi_Mahonda
Mke naye atakuwa na karatasi ya kufutwa kwa visa yake ya ukaazi. Ukaazi haupimwi kwa ajira.

#28 Kagomani
Nimeona yote mawili yakipita. Lisilopita ni mzigo kufika kabla ya mwenye jina. Siku za bure za bandarini zinakwisha, gharama ya kuhifadhi inaanza, na hakuna pasipoti yenye muhuri wa kuingia wa kumwonyesha afisa. Ndiyo maana nasema mzigo upakiwe wiki ya mwisho.

#29 MzeeWaKarama
Ukipakia wiki ya mwisho, meli ikiahirishwa mwenye mzigo ameshaondoka, na boksi likipotea ghalani nani atafuatilia? Mimi ningepakia wiki tatu kabla, mume akiwa bado hapa.

#30 Kagomani
Basi mke atangulie, kama alivyosema Bi.

#31 MhasibuWaNahda
Kwa jina la nani?

#32 FundiBaridi
Niwaache na hilo, nizungumzie mashine. Umeme wa huku na wa kwetu ni sawa, volti 230, hezi 50, na plagi ni ile ile ya miguu mitatu bapa. Kwa hiyo vinafanya kazi, nunueni tu kilinda umeme cha friji.

Friji: zimeni siku mbili kabla, ikauke kabisa, milango iachwe wazi kidogo kwa kipande cha kitambaa. Unyevu ukifungiwa wiki kadhaa safarini utakuta ukungu hadi kwenye mpira wa mlango. Isafiri imesimama. Ikilazwa, oili ya kompresa inaingia kwenye mabomba. Ikilala, isimamisheni siku nzima kabla ya kuiwasha.

Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele: lazima bolti za kusafirishia zirudishwe nyuma. Ngoma inaning'inia kwenye springi. Bila bolti, kila wimbi linaigonga kwenye bodi, na ikifika hukaa upande mmoja na kupiga kelele kama treni.

AC: msikubali fundi anayefungua nati na kuiachia gesi hewani. Gesi inarudishwa kwenye kitengo cha nje. Washa kwenye baridi, nyuzi 16, iache dakika 10. Funga vali ya bomba jembamba kwa ufunguo wa pembe sita. Tazama geji kwenye bomba nene, ikikaribia sifuri funga vali nene na uzime hapo hapo. Ukiiacha iendelee kuzunguka, itavuta hewa, na hewa ina maji. Maji yakikutana na oili yanakuwa asidi, kompresa inakufa baada ya miezi, na utadhani ni umeme wa nyumbani. Zibeni midomo ya mabomba yote kwa vifuniko, isiwe tambara. Bomba la shaba likunjwe kwa duara pana, likivunjika kiuno halifai tena. Kule Tanga fundi avute hewa kwa pampu nusu saa kabla ya kuachia gesi.

#33 Pwani_Kimya
Fundi, si rahisi kuuza hapa na kununua mpya Dar?

#34 FundiBaridi
Ya ukubwa mdogo, ndiyo, uza. Ila AC nyingi za huku zimetengenezwa kwa joto la nyuzi 50 na ushei. Kwa Tanga hiyo inafanya kazi bila kujitahidi. Kama ina chini ya miaka minne, ningeibeba.

#35 SatwaMkabala
La DEWA, mamlaka ya umeme na maji ya Dubai, limesahaulika. Amana ni 2,000 kwa ghorofa, 4,000 kwa vila. Tarehe ya kukata umeme isiwe ile ya kutoka vitu. Wekeni siku mbili mbele, maana mtahitaji taa na maji ya kusafisha, kupaka rangi matundu ya AC na kumwonyesha mwenye nyumba. Amana ya nyumba hukatwa kwa matundu hayo hayo. Baada ya bili ya mwisho, Ejari, yaani usajili wa mkataba wa nyumba, ifutwe na mchukue karatasi yake.

Amana hurudishwa kwenye akaunti ya benki. Kwa hiyo akaunti moja ibaki hai, na laini moja ya simu pia, sababu namba za siri za benki huja kwa hiyo laini. Ihamishieni malipo ya kabla. Laini ndiyo kitu cha mwisho kufungwa.

#36 Mlandizi_DXB
Na kama akaunti itashikwa kwa sababu ya Emirates ID, kama alivyosema #11, amana itaingia wapi?

#37 SatwaMkabala
Kuingia inaingia. Kutoka ndiyo shida. Ombeni DEWA mapema, kabla visa ya mume haijafutwa, iwahi kuingia.

#38 MzeeWaKarama
Lakini ni deni linaloshika, si kitambulisho.

#39 MhasibuWaNahda
Na pesa za mkononi: zikizidi dirhamu 60,000 mnatoa tamko mkitoka, dhahabu ikihesabiwa humo. Mkiingia Tanzania, kuanzia dola 10,000. Bangili za mama zipigwe picha na risiti ziwe mkobani.

#40 BintiChumbageni
Ahsanteni nyote. Kadi imelipwa leo, namba ya ombi ninayo. Mwenye nyumba anarudisha hundi Jumapili. Fundi, bolti za mashine nimepata tatu kwenye droo ya jikoni, ya nne haipo. Tatu zinatosha?

#41 FundiBaridi
Kwanza hesabu matundu nyuma ya mashine, dada, zipo zinazokuja na tatu tu. Kama ni manne, usifunge tatu. Ngoma itavutwa upande mmoja na springi ya upande wa pili itabeba yote. Fungua mlango, kuna stika yenye namba ya modeli kwenye ukingo. Ipige picha, peleka duka la vipuri vya kampuni hiyo, omba seti. Usichukue bolti ya duka la vyuma. Ile ya mashine ina bushi ya plastiki inayojaza tundu, na bushi hiyo ndiyo inayoshika ngoma.